Milima Nyuma ya Bahari

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Nikinunua asali sokoni naionja kwanza, namtazama muuzaji usoni, halafu naionja tena. Fundi akiniambia kazi yangu itakuwa tayari Jumatano, namwuliza Jumatano ya lini. Mtaani kwetu hapa Tabora wananijua hivyo, na sijawahi kuona sababu ya kuwaomba radhi. Kwa hiyo kumshuku mama yangu mzazi hakukuanza kwa ubaya. Kulianza kwa mazoea tu, na kwa sababu ya kazi yangu.

Kazi yangu ni kuchora bahari. Ndiyo, bahari, nami naichorea Tabora, mji ambao maji yake makubwa kuliko yote ni bwawa la Igombe. Watu hucheka. Lakini waulize wanaojenga nyumba nzuri huku kwetu wanataka nini ukutani sebuleni. Hakuna anayetaka kutundika miti ya miombo. Miombo anayo nje, akifungua dirisha anaiona bure. Wanataka maji ya buluu, mchanga mweupe na mnazi ulioinama. Nilifundisha sanaa chuoni mpaka mgongo ukagoma, na nilipoacha kufundisha nikabaki na bahari.

Nachora kwa pasteli. Kwa asiyezijua, ni vijiti vya rangi vinavyofanana na chaki, ila ni laini zaidi na rangi yake ni kali. Hazichanganywi na maji wala mafuta. Unapaka kijiti moja kwa moja kwenye karatasi, unasugua kwa kidole, unapaka tena juu yake. Unga unaruka, unaingia kwenye kucha, unaingia puani, na siku nikichora bahari napiga chafya ya buluu. Karatasi lazima iwe ya kukwaruza ili unga ushike, na nikikosa ya dukani natumia msasa laini wa maseremala. Halafu kuna jambo ambalo wateja hawalijui: bahari haianzi na buluu. Inaanza na chungwa. Napaka karatasi nzima rangi ya chungwa, kisha naleta buluu juu yake, na pale chungwa linapochungulia katikati ya buluu, maji yanaamka. Mteja haoni chungwa lolote. Anaona tu kwamba maji yanawaka, analipa, anaondoka zake.

Sasa mama. Mama yangu ni mtu wa Bagamoyo. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa tangu nikiwa mdogo, na hivyo ndivyo mji mzima unavyojua. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa reli. Alimwoa huko pwani, akashuka naye hapa stesheni, binti mdogo na sanduku la bati. Bibi yangu, mama mzaa baba, alimpokea kwa vigelegele kwa sababu hiyo moja tu, kwamba mwanawe kaoa pwani.

Asiyetoka Tabora atashangaa vigelegele vya nini. Njia ya zamani ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita kwetu, ikaenda mpaka Ujiji, ziwani. Familia nyingi za mjini, ya baba yangu ikiwemo, hujisifu kwamba zilikuja kwa njia hiyo zikitokea upande wa bahari. Waungwana, watu wa kanzu na udi na maneno laini. Hutasikia familia inayosema ilitokea upande wa ziwani, kwa sababu enzi zile wengi waliotokea huko walikuja wamebeba pembe za ndovu za watu wengine, na wengine walikuja wamefungwa shingo. Nilipokuwa msichana nilimwuliza shangazi yangu, dada yake baba: kama sisi wote tulitoka pwani, wale waliotoka ziwani wako wapi? Walipaa? Alinizaba kofi ambalo nikilikumbuka sikio linawaka.

Shangazi huyo bado yu hai, na bado ndiye mlinzi wa uungwana wetu. Ni mzee kuliko mama, ana macho makali kuliko mimi, na kila asubuhi akishakunywa chai yake anakuja nyumbani kwetu kumsalimia wifi yake. Anasema ni kumsalimia. Mimi nasema ni kumkagua. Anakaa kiti kile kile karibu na mlango, anauliza tumepika nini jana, anauliza nani kapita, anauliza mama kalala vipi. Hata baada ya mama kuzaa watoto na kuzika mume, shangazi bado anamtazama kama mtu anayehesabu vyombo baada ya mgeni kuondoka.

Halafu macho ya mama yakaanza kufunga. Alianza kugonga milango, kisha akawa anamimina chai pembeni ya kikombe. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki kitaendelea kupungua. Dawa ya matone itachelewesha tu. Sasa mama anaona katikati peke yake, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na rangi hafifu zote kwake ni kijivu kimoja. Anaona rangi kali tu, zikiwa mbele yake hasa, kwenye mwanga mzuri.

Tulipotoka hospitali hakulia. Mimi ndiye niliyelia, naye akaniambia niache kumaliza leso. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe unawachorea watu bahari. Nichoree mimi maji ya kwetu. Yawe makali, niyaone. Nataka yawe kitu cha mwisho."

Hakuwa amewahi kuniomba kitu katika maisha yake. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza, na moyoni nikaona hiyo ni kazi rahisi. Bahari? Bahari si ndiyo ugali wangu!

Ya kwanza niliichora asubuhi, kwa sababu kiangazi huku, jua likishapanda, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hugeuza kila kitu rangi ya chai ya maziwa. Nilipaka chungwa langu chini. Juu yake nikaleta feruzi, ile buluu yenye ukijani unayoiona Bagamoyo maji yakijaa, kisha mstari mweupe wa povu, kisha mchanga nikaupa njano kidogo na waridi kidogo ili usiwe kama unga wa sembe. Ilikuwa picha nzuri, nasema bila aibu. Nikamwekea mama kwenye kiti mbele ya dirisha, usawa wa uso.

Akaisogelea mpaka pua ikakaribia kuchukua rangi. Akaitazama sehemu kwa sehemu, kwa lile tundu lake. Akasema, "Maji haya ni ya nani?"

"Ya kwenu, mama. Bagamoyo."

"Mh." Akarudi nyuma. "Yamekuwa mepesi mno. Yetu yalikuwa mazito. Buluu ya wino, halafu ukisimama ndani unaona vidole vyako na mawe yote, moja moja."

"Mawe?"

"Mawe ya mviringo. Yanateleza. Weka mawe."

Nimefika Bagamoyo mara nyingi kwa ajili ya kazi yangu. Nimekaa ufukweni na sanduku langu la pasteli mpaka nikaungua mabega. Bagamoyo kuna mchanga, kuna tope maji yakikupwa, kuna mikoko upande ule. Mawe ya mviringo moja moja, kwa kweli, sikuyaona. Lakini nilijiambia, mtu mzima akikumbuka utoto wake anaweza kukumbuka jiwe moja likawa ufuko mzima. Nikarudi kazini.

Ya pili nikaondoa feruzi. Nikatafuta buluu nzito, nikaitia zambarau chini badala ya chungwa tupu, nikaweka mawe. Mama akaisogelea. Safari hii alikaa muda mrefu zaidi, na nikaanza kupata matumaini. Kisha akainua mkono kama anayejikinga usoni.

"Jua umeliweka wapi?"

"Nyuma yetu, mama. Mchana unakwisha."

"Nyuma?" Akakunja uso. "Aah. Jioni tulikuwa tunashuka kufua na kuteka maji, jua liko mbele, linaingia majini, linatuchoma macho mpaka tunafunga kanga hivi." Akaonyesha kwa kiganja juu ya nyusi. "Maji yote yanakuwa moto. Mekundu, halafu dhahabu, halafu ghafla buluu. Hiyo ndiyo nataka."

 Mimi ni mchoraji wa bahari, na jambo la kwanza mchoraji wa bahari anapaswa kulijua ni mwanga unatoka wapi. Pwani yetu yote inatazama mashariki. Jua pale linachomoza majini. Jioni linashuka nyuma ya nyumba, nyuma ya minazi, huku bara, huku kwetu. Hakuna binti wa Bagamoyo aliyewahi kushuka jioni kwenda baharini akachomwa macho na jua linalozama majini.

Na kuteka maji? Maji ya bahari unayateka uende kupikia nini?

Nikachukua picha yangu nikaenda nayo uani. Nilikuwa na hasira, ingawa sikujua nakasirikia nini. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikaanza kufanya kile ninachokifanya vizuri kuliko kuchora. Nikaanza kushuku.

Kwanza nikashuku ugonjwa. Labda presha imepanda kutoka machoni ikaingia kichwani. Lakini mama huyu huyu anajua nani mtaani kaacha mke na nani kanunua pikipiki kwa ujanja. Kichwa kilikuwa kizima.

Basi nikaanza kupitia maisha yake kama nazi ninayoikagua dukani, naitikisa nisikie maji. Na hapo hapo likanijia: nazi! Mama yangu, mwanamke wa pwani, hakuwahi kupika kwa nazi. Ilikuwa ikiletwa nyumbani anaitoa sadaka. "Inanikata tumbo," alisema miaka yote, nasi tukaamini. Wali wake ni wa mafuta, na mafuta aliyoyapenda, aliyoyaficha kwenye chupa nyuma ya unga, yalikuwa mawese. Akitaka kujifurahisha ni dagaa wa Kigoma na samaki wa huko huko, migebuka mikavu. Akipita muuza samaki mwenye mzigo kutoka huko, mama husikia sauti yake kabla mbwa hajasikia.

Na ndugu zake? Hakuna ndugu aliyewahi kuja kutoka Bagamoyo, si harusi wala msiba. "Walikwisha," alisema. Wote? Ukoo mzima ulikwisha? Na mara ile nilipokwenda Bagamoyo kwa kazi nikamwambia twende wote akaone kwao, magoti yakamwuma siku hiyo hiyo, magoti ambayo wiki iliyofuata yalimpandisha kwenye gari mpaka Usoke kwenye harusi ya binti wa rafiki yake na akacheza.

Nikamkumbuka na baba. Kila mgeni alipomwuliza mama habari za pwani, baba alikuwa anainuka taratibu anakwenda kuangalia kuku. Kuku walikuwa na mambo gani kila mara? Baba alijua! Na baba, kabla hajaoa, alipangiwa kazi stesheni ya Kigoma. Hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu, ila hakuna aliyelitia maanani, kwa sababu Tabora treni zote zinakutana. Ile ya Dar na ile ya Kigoma zinasimama kwenye jukwaa lile lile. Ukimwona kijana anashuka na mke na sanduku la bati, utajuaje kashuka ile ya upande gani? Atakachokwambia ndicho utakachokishika.

Mchana ule nilikula bila kusikia ladha. Nilikuwa namtazama mama anavyopapasa mboga kwenye sahani, na badala ya kumwonea huruma nilikuwa nawaza: wewe ni nani? Nilishuku hata mambo ambayo naona haya kuyasema, kwamba labda kulikuwa na mume mwingine huko, labda watoto, labda alikimbia kitu kibaya. Ndivyo ninavyofanya. Nikifungua mlango mmoja nafungua yote.

Ningeweza kumwuliza. Mtu mwingine angeuliza. Lakini mimi sikutaka jibu lake, kwa sababu majibu yake nimeyala maisha yangu yote. Nilitaka kuuona uso wake. Nikaamua kumtegea.

Niliwahi kufika Kigoma kwenye semina ya walimu, na jioni moja nilikaa Ujiji nikitazama ziwa. Kwa hiyo nilijua ninachochora. Nikaacha chungwa langu la kawaida, nikaanza na nyekundu ya damu ya mzee, ile yenye weusi ndani yake. Juu ya nyekundu nikaweka buluu ya wino, nikiisugua kwa ncha ya kidole kidogo ili isifunike yote. Karibu na ufuko nikayafanya maji kuwa kama kioo, mawe yakaonekana chini, mengine ya kijani kibichi, mengine ya hudhurungi. Katikati nikashusha jua majini, nikavuta njia ya dhahabu kutoka kwake mpaka miguuni mwa mtazamaji, kijiti nikikikandamiza mpaka kikavunjika, kwa sababu nilikumbuka macho ya mama na tundu lake la ufunguo. Nilitaka ile dhahabu impige hata akiwa amefumba nusu.

Kisha nikafanya lile ambalo yeye hakulisema. Ng'ambo ya maji nikachora milima. Milima ya Kongo, mirefu, safu kwa safu, ya buluu na zambarau, kama nilivyoiona siku ile mvua ilipokuwa imeosha hewa. Bahari ya Hindi haina ng'ambo. Ukiweka milima nyuma yake umeshasema kila kitu.

Asubuhi nikaiweka kwenye kiti mbele ya dirisha. Nikamshika mama mkono, nikamketisha. Nami nikasimama pembeni, si kuitazama picha, bali kumtazama yeye. Nilikuwa nimejiandaa kuona mtu aliyekamatwa.

Akasogea. Akaanzia chini, kwenye mawe, kama kawaida yake. Akapanda na ile njia ya dhahabu polepole. Akafika kwenye jua. Akapanda tena kidogo, na hapo akakoma.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Hakuna."

 Nilingoja akane, aseme nimekosea, aseme milima ya nini. Hakukana. Aliinua kidole akakipeleka taratibu hadi karibu na safu ya kwanza ya milima, bila kuigusa, akakipitisha kutoka mwanzo hadi mwisho, na nikaona kwamba anaijua. Kidole kilikuwa kinapanda kabla ya mlima kupanda, kinashuka kabla mlima haujashuka. Kisha akaanza kulia bila sauti, na huku analia anatabasamu. Mama yangu sikuwahi kumwona na uso ule. Ulikuwa uso wa msichana.

"Mama mkwe alikuwa amesema," akasema, "mwanawe akioa mtu wa ziwani, asimwite mama tena. Baba yako akaniambia njiani, ndani ya treni: ukifika sema Bagamoyo. Siku moja tu, akasema, mpaka mama azoee. Mimi Bagamoyo sikuwa naijua hata upande ilipo."

"Na siku hiyo moja?"

"Si ndiyo hii."

Jamani. Mtego wangu ukaniponyoka mkononi. Hasira yote niliyoilimbikiza haikuwa na pa kwenda. Nilifikiria mwanamke aliyeogopa nazi maisha yake yote, kwa sababu akiikuna vibaya watamjua. Nilifikiria wazazi wake, ambao huenda walisubiri barua mpaka wakafa. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumgombeza, na kabla sijachagua tukasikia mlangoni, "Hodi!"

Shangazi alikuwa ameshamaliza chai yake.

Kwetu hodi ya shangazi haingoji karibu. Alikuwa ndani kabla sijageuka. "Shikamoo, shangazi," nikasema, nikajaribu kusimama mbele ya kiti. "Marahaba," akajibu, akanisogeza kwa mkono kama pazia. "Wifi, unalia nini asubuhi yote hii?"

"Unga wa hizo chaki," mama akasema. "Umeniingia."

Shangazi hakumsikiliza. Alikuwa anaitazama picha. Aliitazama sana. Yeye macho yake hayana presha wala nini.

"Hapa ni wapi?"

 Nilimwona mama mkono wake umeshika ncha ya kanga na kuikunja, kuikunja. Mwanamke aliyezika mume na hakutetemeka, anatetemeka mbele ya wifi yake juu ya karatasi ya msasa. Na nikajua, bila kushuku hata kidogo, kwamba shangazi alikuwa amelingoja jambo hili tangu siku ya vigelegele. Likitoka hapa, kabla ya adhuhuri lingekuwa limefika kila nyumba. Mama angemaliza siku zake gizani, akisikia tu sauti za watu zikibadilika wanapomsalimia.

"Bagamoyo," mama akasema.

"Bagamoyo?" Shangazi akainama. "Na milima hii ya ng'ambo?"

Mama akageuza uso kunitafuta. Hakunipata vizuri, alitazama bega langu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na mwanawe, "Wifi, mtoto huyu hajui kuchora. Nimemwambia baharini hakuna milima. Hasikii."

Nimechora maisha yangu yote. Nimewafundisha watu. Mwanafunzi akinikosoa kivuli kimoja tulikuwa tunashinda tunabishana, na wateja wawili nimewafukuza kwa kusema mnazi wangu umepinda. Shangazi anajua hayo, na alikuwa ananitazama sasa, akingoja nilipuke.

"Ni kweli, shangazi," nikasema. "Bahari haijawahi kunikaa mkononi. Nawadanganya tu watu na rangi kali."

"Nilijua!" Akapiga makofi kwa furaha. "Siku zote nilijua! Zile picha zako mimi nilikuwa nasema mbona hivi, mbona hivi." Akaniokotea kitambaa changu cha kufutia kwenye sanduku la rangi. "Sasa si chaki hii? Inafutika. Futa hiyo milima, umwekee mama yako minazi. Maskini, aone kwao kabla hajapofuka."

Akanishikisha kitambaa. Mama hakuweza kuitetea.  Alikaa wima, mikono mapajani, akitazama mbele pale ambapo bado alikuwa na uwezo wa kuona, na machozi yakawa yanaanza upya.

Basi nikalipuka. Nililipuka kwa yote niliyokuwa nayo, na mengi yalikuwa ya kweli. "Sifuti!" nikasema. "Shangazi, nakuheshimu, lakini kazi yangu haipanguswi na mtu! Nikikosea nimekosea mimi! Mbona ukipika pilau likiungua siji na kijiko kukufundisha? Milima nimeitaka mimi, itakaa pale pale, na asiyeitaka asiangalie!" Nikatupa kile kitambaa dirishani. Kuku uani wakakimbia.

Shangazi alisimama akakusanya mtandio wake. "Wifi, pole," akamwambia mama. "Pole sana kwa mtoto." Akatoka bila kuniaga, na nilimsikia akianza kusimulia hata kabla hajafika barabarani: yule binti wa kaka yangu, jeuri na kuchora hajui.

Nikabaki nimesimama, napumua kama niliyepandisha maji kisimani. Wateja wangu nusu wangelisikia hilo kufikia Ijumaa. Nilimgeukia mama. Alikuwa amejipangusa uso kwa kanga, ameinama tena mbele ya maji yake.

"Nisogezee karibu," akasema. "Hapa kushoto, mwanangu, chini ya jua. Kulikuwa na jiwe kubwa ufukoni, wanawake wanaanikia nguo. Nyumba yetu iko nyuma yake. Hukulichora."

Nikachukua kijiti cheusi, nikapiga goti pembeni yake, nikamwuliza lilikuwa kubwa kiasi gani.